Kompyuta za Parokia Nazo Zina Tarehe ya Mwisho

Ifuatayo ni hotuba ya ofisi ya uratibu kwa wajumbe wa kamati za maendeleo za parokia na wawakilishi wa wafadhili. Tumeichapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.

  

 Katika vikao vyetu tumezoea kuzungumzia visima, zahanati, madawati na mikopo ya vikundi. Leo tunaomba muda wenu kwa jambo ambalo halionekani barabarani, wala halizinduliwi kwa kukata utepe. Ni ile kompyuta iliyoko mezani kwa karani, na tarehe ambayo mtengenezaji wa programu zake anaacha kuihudumia.

Maana ya mwisho wa huduma

Kila kompyuta ina programu kuu inayoiendesha. Katika ofisi zetu nyingi programu hiyo ni Windows. Mfano wake ni ua unaozunguka boma. Hakuna fundi anayejenga ua usio na upenyo hata mmoja. Kila mwezi matundu mapya hugunduliwa, na mtengenezaji hutuma marekebisho ya kuyaziba. Marekebisho hayo ndiyo tunayoyaita masasisho. Siku ya mwisho wa huduma ikifika, fundi haji tena. Ua unabaki umesimama na lango linafungwa kama jana, lakini tundu litakaloonekana kesho halitazibwa.

Hapo ndipo wengi wetu hupotea. Tunaiwasha kompyuta, inawaka. Tunachapa barua, inachapika. Basi tunasema mbona ni nzima. Ni kweli, ni nzima kwa kazi, lakini kwa usalama inadhoofika kila mwezi. Tena kuna jambo la kutia hofu zaidi. Mtengenezaji anapoziba tundu katika toleo jipya, wahalifu huyachunguza marekebisho hayo ili wajue tundu lilikuwa wapi, kisha hulitafuta tundu lilelile katika matoleo ya zamani ambayo hayazibwi tena.

Wengine wanatuambia, "Sisi tuna programu ya kuzuia virusi." Ni vema kuwa nayo. Lakini hiyo ni sawa na mlinzi anayezitambua sura za wezi wanaojulikana. Haizibi ua.

Tarehe hizi hazitushtukizi

Windows XP ilitoka mwaka 2001, na huduma yake ikakoma tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 ilitoka mwaka 2009, ikakoma tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na huduma yake ya kawaida ikakoma tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyohiyo ilikoma huduma ya Office 2016 na Office 2019, zenye Word na Excel ambazo wahazini wetu wanazitumia kwa hesabu. Office 2021 nayo imepangiwa tarehe 13 Oktoba 2026.

Tarehe hizi zilitangazwa miaka mingi kabla. Mvua inaweza kuchelewa na bei ya saruji inaweza kupanda bila taarifa, lakini tarehe ya mwisho ya programu tunaijua. Kwa hiyo haifai kuingia katika vitabu vyetu kama dharura. Mahali pake ni katika bajeti ya kawaida, pamoja na rangi ya jengo na matengenezo ya pikipiki ya zahanati.

Kilichomo ndani ya kompyuta ile

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari letu limo ndani ya kompyuta. Humo mna orodha ya watoto wanaolipiwa ada, majina ya wanachama wa vikundi na akiba zao, taarifa za wagonjwa, namba za akaunti za benki, na barua zote kati yetu na wafadhili. Mtu akiingia humo anaweza kumwandikia mfadhili kwa anwani yetu, akamwambia akaunti imebadilika. Fedha ya kisima ikienda kwa mwizi, kijiji kitaendelea kunywa maji ya bwawa.

Aidha, hili sasa ni suala la sheria. Hapa Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Parokia inayoandika jina la mtoto, ugonjwa wa mama au deni la mkulima imebeba dhamana hiyo.

Funzo la mwaka 2017

Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilisambaa katika nchi zipatazo 150. Kilifunga mafaili ya kompyuta na kudai fidia, kwa kawaida kuanzia dola 300 kwa kompyuta moja. Nchini Uingereza hospitali nyingi ziliathirika. Taasisi za afya za umma takriban theluthi moja katika England zilipata usumbufu, na ilikadiriwa kwamba miadi ya wagonjwa zaidi ya 19,000 ilifutwa. Baadhi ya hospitali zililazimika kuwaelekeza wagonjwa wa dharura kwingine.

Lililo muhimu kwetu ni hili. Marekebisho ya kuliziba tundu lile yalikuwa yametolewa tarehe 14 Machi 2017, karibu miezi miwili kabla. Nyingi ya kompyuta zilizoathirika katika hospitali zile zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo bado ilikuwa inahudumiwa. Dawa ilikuwepo, ila haikuwekwa. Kwa hiyo tuna kazi mbili, si moja. Ya kwanza ni kuweka masasisho mapema wakati huduma ingalipo. Ya pili ni kuhama kabla huduma haijakoma. Anayefanya moja na kuacha nyingine ameacha lango moja wazi.

Kwa nini tunaahirisha

Tunayajua mazingira yetu. Bando ni ghali, na sasisho moja kubwa linaweza kulimaliza. Ndiyo maana katika ofisi nyingi fundi huiwekea kompyuta mpangilio wa kubana matumizi ya intaneti, na masasisho husubiri miezi. Umeme nao hukatika. Karani akiona maandishi ya kumwambia asizime kompyuta, huku mawingu yakikusanyika, anaogopa. Na wengine wanatumia nakala za Windows zisizo na leseni, walizowekewa mtaani kwa bei ndogo. Vifaa vinavyotumika kuzifungua nakala hizo mara nyingi huzima masasisho, na vingine huja na virusi vyake. Hapo rahisi imekuwa ghali.

Vikwazo hivi ni vya kweli, lakini vinapangika. Microsoft hutoa masasisho yake ya usalama kila Jumanne ya pili ya mwezi. Tunashauri kila parokia ichague siku moja katika wiki hiyo, tuseme Alhamisi, iwe siku ya kompyuta. Asubuhi, kabla ya jambo lingine, mafaili yanakiliwa kwenye diski ya nje, kisha diski inachomolewa na kufungiwa kabatini. Kompyuta mpakato zinachajiwa hadi zijae, na zile za mezani zinaunganishwa na UPS. Ndipo masasisho yanawekwa. Penye kompyuta kadhaa katika ofisi moja, Windows 10 na 11 zina mpangilio unaoziwezesha kugawana masasisho yaliyokwisha kupakuliwa, na hivyo kuokoa bando. Mwombeni fundi wenu auwashe.

Simu za wahazini tusizisahau. Nazo zina tarehe zake, na nyingi zinatumika kutuma fedha za kikundi. Katika mipangilio ya simu ya Android huonyeshwa tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Kama ni ya miaka kadhaa iliyopita, simu hiyo isishike fedha za watu.

Wenye Windows 10 wafanye nini?

Kwanza, hakikisheni mna toleo gani. Bonyezeni kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andikeni winver, kisha bonyezeni Enter. Jina la toleo litatokea. Baada ya hapo kuna njia nne.

Njia ya kwanza ni kuhamia Windows 11. Kwa kompyuta yenye leseni halali ya Windows 10 na inayotimiza masharti, kuhama hakulipiwi. Masharti yenyewe ni pamoja na kumbukumbu ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64, chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya zinazokubaliwa. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazitimizi masharti hayo.

Njia ya pili ni kununua muda wa nyongeza. Kwa taasisi, Microsoft ilitangaza bei ya dola 61 kwa kompyuta kwa mwaka wa kwanza, na bei huongezeka maradufu kila mwaka, kwa miaka mitatu isiyozidi. Hiyo ni dola 61, kisha 122, kisha 244, jumla dola 427 kwa kompyuta moja. Anayechelewa kujiunga hulipia pia miaka iliyopita. Kwa taasisi za elimu zenye mikataba ya leseni bei ilipangwa kuwa dola 1, kisha 2, kisha 4, hivyo shule zetu ziulize kwa mawakala. Kwa ofisi ya parokia, njia hii inafaa kwa kompyuta moja ambayo haiwezi kuachwa mara moja, na kwa mwaka mmoja tu.

Njia ya tatu ni kuweka programu huru ya Linux, kwa mfano Ubuntu 24.04, ambayo huduma yake ya kawaida inaendelea hadi mwaka 2029, pamoja na LibreOffice kwa barua na hesabu. Hizi hazilipiwi leseni. Gharama yake ni mafunzo. Kabla ya kuhama, ijaribuni printa yenu na programu yenu ya uhasibu, kwani si kila kitu hukubali.

Njia ya nne ni kuitenga kompyuta na intaneti kabisa na kuitumia kwa kuchapa tu. Njia hii inafaa, mradi flashi za kila mpita njia zisichomekwe humo.

Neno kwa wafadhili wetu

Ndugu wafadhili, mmetupatia kompyuta nyingi, na kazi zake zinaonekana. Lakini tuseme ukweli kwa heshima. Miradi mingi hulipia ununuzi wa kompyuta, na haina kifungu cha kuitunza wala kuibadilisha. Mradi wa miaka mitatu unakwisha na taarifa inafungwa. Kompyuta inabaki na majina ya watoto wale wale, wakati fedha ya kuilinda haipo.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwanza, mkubali kifungu cha matunzo katika kila bajeti yenye kompyuta. Tuchukue mfano wa kompyuta ya shilingi 1,200,000 inayotarajiwa kufanya kazi miaka mitano. Kuweka akiba ya shilingi 240,000 kwa mwaka, yaani 20,000 kwa mwezi, kunatosha kuinunua nyingine kwa bei hiyo wakati wake ukifika. Pili, kabla ya kutuma kompyuta zilizotumika, tuulizane kwanza: zilitengenezwa mwaka gani, na je, zinaweza kupokea programu inayohudumiwa? Kompyuta ambayo ofisi ya Ulaya imeiacha kwa sababu haipokei Windows 11 haitaipokea ikifika kwetu. Inaweza kutufaa tukiipangia Linux mapema. Ikija bila mpango, itatuletea gharama ya bandarini na mzigo wa stoo.

Maombi yetu kwa kamati

Kwenu wajumbe, tunaomba mrudi nyumbani na kazi hizi. Andikeni orodha ya kompyuta zote za parokia, shule na zahanati. Kwa kila moja oneshe mwaka, toleo la programu, tarehe ya mwisho wa huduma, na jina la anayehusika. Orodha isomwe katika kikao cha kila robo mwaka, baada ya taarifa ya mhazini. Teueni mtu mmoja wa siku ya kompyuta na msaidizi wake, ili mmoja akihamishwa kazi isisimame. Na anzeni akiba sasa, hata kama ni kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Aidha, kubalianeni na benki na wafadhili wenu kwamba barua pepe pekee haitoshi kubadilisha namba ya akaunti. Ipigwe simu kwa namba inayojulikana, na wathibitishe watu wawili. Kanuni hii haigharimu chochote, nayo inalinda hata pale ua unapotoboka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wametukabidhi majina yao, magonjwa yao na akiba zao, wakiamini kwamba tutazitunza kama tunavyotunza funguo za ghala. Huo ndio uwakili wetu, na uwakili huo unahitaji Alhamisi moja kila mwezi na kifungu kimoja katika bajeti.