Ngoma Ikivuka Mutukula: Maandalizi ya Safari na Malazi kwa Vikundi vya Sengerema



Mwaliko wa nje ukifika, kikao cha kwanza huwa cha nauli: Costa itakodiwa kwa kiasi gani, nani atachangia. Naomba kikao hicho kianze na mzigo na mahali pa kulala. Nauli hata ikitimia, viwili hivyo vinaweza kukikwamisha kikundi mpakani au kukiacha nje usiku.

Nachukua mfano wa JAMAFEST, tamasha la utamaduni la Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa sababu hilo linafikika kwa barabara. Lilianza Kigali mwaka 2013, likafuata Nairobi 2015, Kampala 2017, Dar es Salaam 2019 na Bujumbura 2022. Kutoka hapa kwenda Kampala tunapita Geita, Biharamulo, Muleba na Bukoba, tunavuka Mutukula, halafu Masaka. Mtanzania haombi viza Uganda, na wepesi huo unatulaza usingizi.

Karatasi nitazipitia haraka. Kila mmoja awe na pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria. Kikundi kiwe na kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Gari liwe na bima inayotambuliwa ng'ambo. Chanjo ya homa ya manjano isingoje wiki ya safari, maana cheti chake huanza kukubalika siku 10 baada ya kuchanjwa. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kwenda Mwanza kushughulikia haya hakutegemei tena foleni ya kivuko.

Sasa mzigo. Wote tuliokua tukitazama wachezaji ngoma wa Bagika na Bagalu wakishindana kwenye tamasha la Bulabo, pale Bujora, tunajua kwamba mshindi ni anayevuta watu, na chatu huwavuta kuliko kitu kingine. Lakini chatu, kenge na mbega wote wanalindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES. Kumvusha chatu hai kunahitaji kibali cha kumtoa nchini, na hatua hiyo hupitia mamlaka za wanyamapori. Ngozi ya kenge iliyowambwa kwenye chombo, au ya mbega inayovaliwa na mchezaji, nayo ni mzigo wa kuulizia mapema, hata kama ni ya urithi wa babu. Ushauri wangu ni chatu abaki nyumbani. Bayeye, wacheza ngoma ya nyoka, wana nyimbo na mwendo wao, na kikundi kinachowategemea nyoka tu hakijajiandaa kwa jukwaa la ugenini. Vyombo vingine viorodheshwe kimoja kimoja, vipigwe picha, na orodha igongwe mhuri wa forodha wakati wa kutoka, ili wakati wa kurudi asitokee wa kuvihesabu kama bidhaa mpya.

Kuhusu malazi, msiridhike na barua inayosema "tutawapokea". Mpokeaji anaweza kumaanisha chai na hotuba. Barua itaje idadi ya vitanda, jina la mahali, nani analipa, na usiku upi hadi upi. Usiku wa kufika na usiku wa baada ya onyesho la mwisho ndio husahaulika, na ndio wachezaji wanapokuwa wamechoka kuliko siku zote. Wasichana walale vyumba vyao, wakiwa na mama mlezi aliyetajwa kwa jina kwenye orodha, si mtu atakayetafutwa huko huko. Wenye umri chini ya miaka 18 waende na ridhaa ya wazazi kwa maandishi.

Halafu uwanja. Gesti ya ghorofani katikati ya jiji inaweza kuwa safi na bado isifae: ngoma zitapandishwa ngazi kila siku, na hapatakuwa na mahali pa kuwasha moto wa kuzipasha ngozi zilizolegea kwa unyevu wa usiku. Bweni la shule lenye ua, jiko na mlinzi lingetufaa zaidi, hasa wanafunzi wakiwa likizo. Ulizeni pia umbali wa kutoka hapo hadi jukwaani, na kama mwenyeji hatoi usafiri, dereva wa Costa alipwe posho ya siku zote za tamasha, pamoja na kitanda chake.