Mtoto Aangukaye Motoni

Somo letu la leo latoka katika Injili ya Marko, mlango wa 9, tangu mstari wa 14. Baba mmoja alimleta mwanawe kwa wanafunzi, kijana atokwaye na povu na kusaga meno, ambaye mara nyingi huanguka motoni na majini. Wanafunzi walishindwa, na waandishi wakabaki wakijadiliana nao. Bwana alipofika, na kijana alipoanguka mbele yake, alimgeukia yule baba akamwuliza amepatwa na hayo tangu lini. Baba akajibu kwamba ni tangu utoto.

Angalieni swali hilo. Yeye ajuaye yote alimpa mzazi nafasi ya kueleza.

Sisi tukaao Eastlands tumetoka pande nyingi, Murang'a, Machakos, Siaya, Kakamega, na kila mmoja alikuja mjini na jina la mganga wa kwao: mundu mugo kwa Wakikuyu, mundu mue kwa Wakamba, ajuoga kwa Wajaluo. Majirani zetu wa Pumwani wako wanaokunywa kombe. Zile karatasi zilizobandikwa kwenye nguzo za Jogoo Road, za kurudisha mpenzi na kushinda kesi, hizo ni biashara tu na hatutazipotezea wakati. Tuna neno juu ya jambo zito zaidi, nalo ni mtoto mwenye kifafa.

Lugha yetu wenyewe yaonyesha jinsi watu walivyouogopa ugonjwa huu. Katika neno kifafa mwasikika kufa. Na mtoto mchanga akikakamaa kwa homa twasema ana degedege, na wazee wa pwani husimulia habari za ndege, au mnyama wa juu, apitaye akamtupia mtoto kivuli chake. Hata Injili zetu, Marko asema ni pepo, naye Mathayo katika Biblia yetu ya Kiswahili asema ni kifafa, na kijana ni yule yule.

Tumemjua mama mmoja wa mtaa huu wetu. Mtoto wake alipewa vidonge katika zahanati, naye akavinywa vizuri kwa miezi kadhaa. Likizo ikafika, nyanya yake akampeleka kwa mganga, akachanjwa chale, akafungwa uzi kiunoni. Mganga akasema dawa mbili haziwezi kukaa katika mwili mmoja. Mama aliporudi Nairobi aliogopa kumwambia muuguzi, kwa maana siku za nyuma alikuwa amekemewa mbele ya foleni nzima. Aliogopa pia kuwaambia watu wa kanisa, kwa maana angeliondolewa katika Umoja wa Akina Mama, au ndivyo alivyodhani. Basi vidonge vikakaa juu ya kabati. Wiki ya tatu mtoto alianguka juu ya jiko la makaa. Mkono wake wa kulia hata leo haufunguki sawasawa.

Madaktari watwambia kwamba dawa ya kifafa ikikatwa ghafula, ugonjwa waweza kurudi kwa nguvu kuliko kwanza. Lakini nani angemweleza mama huyu, ikiwa hakuna aliyemwuliza?

Jambo hili si la Afrika peke yake. Huko Laos, milimani, kuna watu waitwao Wahmong. Wengi wao walipigana upande wa Marekani katika vita, na baada ya mwaka 1975 walikimbilia kambi za Thailand, kisha maelfu wakapelekwa Marekani. Katika mji wa Merced, California, mwaka 1982, familia moja ilipata binti aitwaye Lia Lee. Alipokuwa na miezi mitatu alianza kuanguka. Wazazi walisema roho ya mtoto imeshtuka na kukimbia kwa sababu dada yake alibamiza mlango. Walimwita mganga wao, aitwaye txiv neeb, aiite roho irudi, wakatoa sadaka ya wanyama, wakamfunga nyuzi mkononi. Madaktari nao waliandika dawa, wakazibadili mara nyingi, na wazazi hawakujua kusoma Kiingereza. Mwaka 1985 serikali ilimtwaa mtoto akalelewa na watu wengine karibu mwaka mzima, kwa kuwa dawa hazikutolewa ilivyoagizwa. Mwaka 1986 alipatwa na mshtuko mkubwa pamoja na maambukizo katika damu, ubongo ukaharibika. Aliishi hivyo, akioshwa na kubebwa na wazazi wake, hata akafa mwaka 2012. Mwandishi Anne Fadiman alitoa kitabu juu yake mwaka 1997.

Wazazi walimpenda. Madaktari walifanya kazi usiku na mchana. Lakini muda mrefu ulipita pasipo watu hao kuulizana mnaita nini ugonjwa huu, na mwadhani umetoka wapi. Baadaye hospitali ya mji ule iliweka kanuni ya kuwaruhusu waganga wa Kihmong kuingia wodini na kufanya baadhi ya desturi zao karibu na mgonjwa.

Je, twasema Mkristo aende kwa mwaguzi? Hasha. Kumbukumbu la Torati, mlango wa 18, lakataza uaguzi, nasi hatuna ruhusa ya kulifuta. Mizizi na majani ni kitu kingine. Mungu ndiye aliyeotesha mti, na dawa ya kwinini ilitoka katika gamba la mti. Hata Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 yautambua uganga wa kienyeji. Lakini atakayekwambia uviache vidonge vya mtoto, awe na kibuyu mkononi au awe na Biblia, usimsikilize. Twasema Biblia kwa makusudi, maana siku hizi katika mahema ya mitaa yetu wako manabii wanaowaamuru wagonjwa watupe dawa jukwaani.

Wazee wa kanisa, Yakobo 5 yatuagiza kumwendea mgonjwa na kumpaka mafuta. Mkifika nyumbani mkaona uzi kiunoni mwa mtoto, msianze na uzi. Anzeni na swali la Bwana, kisha ulizeni vidonge viko wapi.

Na mtoto akianguka mbele yako, usikimbie. Povu lake haliambukizi. Ondoa jiko na maji ya moto, mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko kinywani. Zikipita dakika 5 bila kutulia, mkimbizeni hospitalini. Katika somo letu, kijana alipotulia watu wengi walisema amekufa. Bwana akamshika mkono, akamwinua.

Tuombe. Ee Bwana, uwakumbuke watoto waangukao usiku huu katika Kaloleni, Maringo, Mathare na Dandora, na mama aliyekaa macho kando ya kitanda, akiogopa kusema. Amina.