Mbu haiulizi kabila: maneno yetu kwa vijana wa Baraka na Fizi



Wazee walikuwa wanasema: kule juu ku milima hakuna malaria. Walikuwa na sababu. Kidudu cha malaria kinakomaa ndani ya mwili wa mbu, na kinaomba joto. Kwenye digri 25, siku 12 hivi zinatosha. Chini ya digri 16, hakikomai. Njo maana huku kando ya ziwa tunaugua kila mwaka, na kule juu baridi ililinda watu.

Lakini mtu asiyezoea malaria tangu utoto, mwili wake haujui kupigana nayo. Mtu mzima wa milimani anaweza kuanguka sawa mtoto mudogo. Na vita imeshusha familia mingi, zinalala huku bila chandarua. Wakirudi, wengine wanapanda na kidudu katika damu. Kwa hiyo mutu asituambie eti kabila fulani njo inaleta ugonjwa. Mbu haiulizi kabila. Ukiacha jirani yako bila chandarua, mbu itatoka kwake na kuja kwako.

Milima nayo inabadilika. Kule Kabale, Uganda, watafiti walipima vijiji vya kando ya mabwawa. Pale watu walipokata mafunjo na kulima, joto liliongezeka, na mbu walikuwa wengi kuliko pale mafunjo yalibaki. Tulime, ndiyo, tunakula nini tusipolima? Lakini tusiache maji yamelala katika mifereji.

Tuseme tena wazi: salongo ya kufagia takataka ni nzuri, lakini haitoshi. Mbu ya malaria inapenda maji safi yaliyosimama kwenye jua: mashimo ya matofali, nyayo za ng'ombe, vidimbwi vya samaki vilivyoachwa. Yai linaweza kuwa mbu kwa siku 10 hivi. Kwa hiyo salongo ya mara moja kwa mwezi inachelewa. Tufanye kila juma. Mwenye kuchimba matofali afukie shimo lake akimaliza.

Juu ya vyandarua: tunajua wengine wanavua nazo ndagala. Hatuwatukani, njaa haingoji. Lakini chandarua hicho kinabeba hata samaki wachanga, na mtoto analala wazi nyumbani. Kile kimechakaa kabisa ndicho kingine, lakini kile kizima kibaki juu ya kitanda.

Sasa viongozi. Inchi yetu peke yake inabeba zaidi ya mgonjwa 1 kati ya 10 wa malaria duniani. Mwaka 2001, kule Abuja, wakubwa wa Afrika waliahidi 15% ya bajeti kwa afya. Wabunge wa Fizi, tunawauliza: iko wapi? Tunaomba mambo tatu:

Moja, vyandarua vifike hata milimani pasipofika gari, na orodha ya waliopata ibandikwe wazi.

Mbili, vituo vya afya visikose vipimo na dawa, na dawa ya bure isiuzwe.

Tatu, mji wa Baraka uchimbe mifereji mbele ya mvua, si nyuma ya mafuriko.

Hatutachoka kuuliza. Lakini hatutangoja jibu tukiwa tumekaa. Siku ya posho hii, kila mutu aje na jembe yake. Tunaanza na mashimo ya matofali.