Uchu na Kinyaa: Picha ya Chakula Inavyoamsha Kemia ya Ubongo



Picha ya pilau haina harufu wala chumvi. Ni wino kwenye karatasi, au mwanga kwenye kioo cha simu. Hata hivyo mwenye njaa akiitazama mate humjaa kinywani. Mwoneshe nyama iliyoingia funza, naye atakunja pua na tumbo litamchafuka, ingawa hakuna funza hata mmoja chumbani. Jioni hii nataka tuifuatilie kemia inayoleta hali hizo mbili, maana biashara ya matangazo inaitegemea kila siku, na miongoni mwa wanaolengwa ni watoto wetu.

Tuanze na dopamini, ambayo wengi wamezoea kuiita kemikali ya raha. Jina hilo linapotosha. Katika miaka ya 1990 Wolfram Schultz, akiwa Fribourg nchini Uswisi, alipima seli za dopamini katika ubongo wa kima waliokuwa wakipewa matone ya juisi. Mwanzoni seli zilichangamka juisi ilipofika. Kima walipokwisha kujifunza kwamba taa ikiwaka juisi inafuata, seli zikawa zinachangamka kwa taa, na juisi yenyewe haikuzishtua tena. Taa ilipowaka na juisi isije, seli zilinyamaza wakati uleule juisi ilipotarajiwa. Dopamini, basi, hufuata dalili ya kitakachokuja. Kwa mtu aliyekwisha kuonja chipsi, picha ya chipsi ni dalili ya namna hiyo.

Kutamani na kufurahia ni mambo mawili, na uthibitisho mzuri ninaoujua ni wa Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan. Panya walioondolewa karibu dopamini yote waliacha kula kabisa. Wasipolishwa, wangekufa chakula kikiwa mbele yao. Lakini walipodondoshewa maji ya sukari ulimini, walilamba midomo kama panya wazima. Utamu walikuwa nao, hamu ndiyo iliyotoweka. Utamu wenyewe hutegemea zaidi kemikali za jamii ya opioidi, zinazofanya kazi katika sehemu ndogo sana za ubongo. Ndiyo maana picha inaweza kumfanya mtu akitake sana chakula ambacho, akishakitia kinywani, hakimfurahishi kwa kiasi hicho.

Tumbo nalo lina kauli. Grelini, homoni ya njaa iliyogunduliwa Japani mwaka 1999, huufanya ubongo uitikie picha za chakula kwa nguvu zaidi. Leptini, inayotoka kwenye mafuta ya mwili, huupoza. Mwaka 2007 Sadaf Farooqi na wenzake wa Cambridge walieleza habari za vijana wawili waliozaliwa bila leptini. Karibu kila picha ya chakula iliwavutia, hata walipokuwa wametoka kula sasa hivi. Baada ya siku 7 za kupewa homoni hiyo, shibe ikaanza kuwa na maana machoni mwao. Anayemwita mtu mnene mlafi asiye na haya aifikirie habari hii kabla ya kufungua kinywa.

Kinyaa kina njia yake. Sehemu ya ubongo iitwayo insula huchangamka mtu anaponusa uvundo, na huchangamka vilevile anapotazama tu uso wa mwingine aliyechukizwa. Hayo yalioneshwa na Bruno Wicker na wenzake mwaka 2003. Mwaka 2021 watafiti wa Cambridge waliwapa watu domperidoni, dawa ya kutuliza kichefuchefu, wakawaonesha picha za kuchukiza na kuwalipa ili wazitazame. Baada ya hapo, waliomeza dawa walipunguza kuzikwepa kwa macho kuliko walipomeza kidonge kitupu. Dawa hiyo hupenya kwa shida sana kuingia kwenye ubongo. Ilichobadilisha ni mwenendo wa tumbo. Kwa hiyo kinyaa hupanda pia kutoka tumboni.

Na kwa sehemu kubwa kinafundishwa. Sahani ya senene humtoa mate mtu wa Bukoba na kumfukuza mezani mgeni ambaye hakulelewa nao. Picha ni ileile, ubongo ni wa binadamu yuleyule, malezi ndiyo yaliyotofautiana.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kama malezi hupanga kitakachotamaniwa, basi bango la soda lililosimama mbele ya lango la shule linashiriki kumlea mtoto. Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo kuhusu matangazo ya vyakula kwa watoto mwaka 2010. Chile ilianza mwaka 2016 kuondoa vikaragosi kwenye pakiti za vyakula vyenye sukari nyingi. Naziomba serikali zetu zitunge sheria kama hiyo, na nawaomba walimu wakuu na kamati za shule wasiingoje: mabango hayo yaondolewe kwenye kuta na malango ya shule muhula huu.