Moshi wa Lori Usitufilisi

Wazee wetu, akina mama na vijana, mnajua lori la kikundi lilivyoanza kutetemeka na kutoa moshi mweusi. Fundi akatuambia injini imekwisha, tulete pesa za ovaholi. Akiba yote ingekwenda hapo. Sisi tukaomba siku moja kwanza.

Moshi mweusi ni dizeli isiyoungua vizuri: filta ya hewa imeziba, ama nozeli inadondosha badala ya kunyunyiza. Ukiwa wa buluu, ni oili inayoungua, na hapo pengine ringi zimechoka kweli. Mweupe usioisha hata injini ikipata moto, ni dizeli mbichi au maji yanaingia ndani.

Filta yetu ilikuwa safi. Makanika mwingine akaacha injini ikinguruma polepole, akalegeza nati za paipu za nozeli moja moja. Ya kwanza, injini ikayumba. Ya pili, vile vile. Ya tatu, mlio ule ule! Silinda hiyo ilikuwa imelala. (Jamani, mkono usikaribie hapo, dizeli yenye presha hupenya ngozi. Na injini za kisasa zisijaribiwe hivyo kabisa.) Akabadilisha nozeli ya tatu na ya nne, ugonjwa ukahamia ya nne.

Basi tulinunua nozeli moja tu. Risiti iko kwa mweka hazina, anayetaka aione.