Pizza Yenye Kachumbari: Kisichopita Motoni Kina Dhamana Yake



Afikaye Forodhani baada ya magharibi huiona pizza ya Zanzibar ikiandaliwa: donge la unga wa ngano husukumwa hata likawa jembamba, likatiwa nyama ya kusaga, vitunguu na yai, kisha likakunjwa na kukaangwa juu ya chuma cha moto. Chakula hiki hupikika pia nyumbani, na wengi hupenda kukitandazia kachumbari au majani ya saladi. Leo tunazungumzia tandazo hilo.

Moto huua vijidudu; lakini kachumbari huwekwa baada ya moto. Sahani moja, basi, hubeba vyakula viwili: kimoja kimesafishwa na moto, kingine kinategemea mikono yetu na maji yetu tu. Waliokuwapo Unguja na Pemba wakati wa kipindupindu cha 2015 na 2016 hawahitaji kukumbushwa gharama ya maji machafu.

Kwa hiyo tunashauri kazi ianze na mboga, wala si nyama. Nawa mikono kwa sabuni. Nyanya, matango na kotmiri, ziwe za Darajani au za shambani kwako, zioshe zingali nzima, kwani kisu hupeleka uchafu wa ganda ndani. Majani ya saladi yabandue na kuyaosha moja moja. Tumia maji salama. Ukiyatilia shaka, yachemshe, uyaache yapoe. Sabuni usiitie katika mboga. Wala usiitegemee ndimu au siki: hizo hukoleza ladha, hazichukui nafasi ya kuosha.

Ukishakata, weka kachumbari katika bakuli safi, ifunike, na ikiwezekana itie katika jokofu. Ndipo ushike nyama, kwa kibao na kisu kingine. Kama unacho kimoja tu, kioshe kwanza kwa sabuni na maji ya moto. Mikono nayo inawe upya.

Kaanga kwa moto wa wastani. Moto mkali huunguza unga huku ndani kukiwa kubichi. Shirika la Afya Duniani linaelekeza chakula kifikie nyuzi joto 70 za Selsiasi katikati. Asiye na kipimajoto apasue pizza: nyama isiwe na wekundu, yai liwe limeganda.

Iepue, uiweke katika sahani safi, wala si ile iliyobeba nyama mbichi, ndipo utandaze kachumbari na kula papo hapo. Isikae mezani zaidi ya saa mbili. Mtoto mdogo, mjamzito na mzee ndio wa kwanza kudhurika; ikiwa mboga haikuoshwa vyema, wapeni pizza pasi na tandazo.

Mpishi wa nyumbani hakaguliwi na yeyote. Yeye ndiye mkaguzi wa jiko lake, na walaji ni watu wake.