Tumkumbuke na Anayetoa Uloto



Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapo Dodoma kwa majirani zetu, ilianza kuwapandikiza watoto wenye selimundu uloto wa ndugu zao. Kwingineko duniani njia hiyo hutumika pia kwa limfoma, yaani saratani ya tezi, iliyorudi baada ya dawa. Hapo uloto haumpi mgonjwa damu mpya tu. Seli za kinga za yule ndugu zaweza kuzitambua seli za saratani zilizosalia na kuziua. Ila hizohizo zaweza kuushambulia mwili wa mgonjwa: ngozi, ini, utumbo. Ndiyo maana hutafutwa anayelingana naye, na kila ndugu wa baba mmoja mama mmoja ana nafasi moja tu kati ya nne.

Sasa hesabu, maana ndiyo kazi yetu. Mfuko wetu wa matibabu una fungu la mgonjwa. La ndugu wanaokwenda kupimwa halimo. Nauli, malazi, siku za shamba zinazopotea, nani alipe? Tunaomba fungu hilo liwekwe mwaka huu. Asiye na fedha taslimu alete alizeti, hata debe moja. Mweka hazina atamwandikia stakabadhi.